Viluwiluwi waliokufa alfajiri: kisa cha bwawa dogo la bustani Morogoro

Bwawa lenyewe ni beseni la saruji lililojengwa na fundi kando ya ukuta wa magharibi wa nyumba: urefu mita moja na nusu, upana mita moja, kina sentimita 40. Likijaa pomoni linabeba lita 600, lakini kwa kawaida lina lita 500 hivi. Kuta zake zimesimama wima na zimepigwa plasta laini. Katikati kuna pampu ndogo ya umeme inayorusha maji juu ya jiwe, na kwenye kona moja kuna magimbi yaliyopandwa ndani ya kopo. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu wa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, anayeishi na wajukuu wawili. Alitaka bwawa kwa ajili ya sauti ya maji. Vyura hawakuwa kwenye mpango.

Masika yalipoanza, walikuja wenyewe. Ni wale vyura wakubwa wa rangi ya udongo wenye mabaka, ambao usiku hukaa chini ya taa za nje kuokota kumbikumbi. Wataalamu humwita Sclerophrys gutturalis, na ni mwenyeji wa miji mingi ya Afrika Mashariki na Kusini. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 20,000 kwa mkupuo, yamepangwa ndani ya nyuzi ndefu za utelezi. Wajukuu walizikuta nyuzi hizo asubuhi zimezungushwa kwenye shina la magimbi. Siku chache baadaye maji yalikuwa yamejaa viluwiluwi weusi, na Mwalimu akaamua kuwa wajukuu watawafuatilia mpaka waote miguu na kuondoka.

Wiki ya pili vifo vikaanza. Kila asubuhi walikuwa wakiopoa viluwiluwi wafu kwa chujio la chai. Wakati huohuo mzee jirani alikuja kulalamika kwamba bwawa linazalisha mbu, na akashauri limwagiwe oili chafu. Nilipoitwa, mambo hayo mawili yalikuwa yamekwisha kuchanganyika na kuwa ugomvi mmoja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone msiba."

Kilichonifanya nikitazame kisa hiki kwa makini ni jambo la ajabu lililokuwa wazi kwenye chota la kwanza la maji. Viluwiluwi wa chura walikuwa wanakufa, ila viluwiluwi wa mbu kwenye kona iliyotulia walikuwa wazima kabisa, wakipinda na kujinyoosha bila shida. Mende wadogo wa majini nao walikuwa hai. Maji yaleyale yaliwaua hawa na kuwaacha wale. Hapo ndipo uchunguzi ulipopaswa kuanzia.

Mwalimu alikuwa na washukiwa wake. Wa kwanza ni saruji. Saruji mpya kweli huachia chokaa ndani ya maji na kuyafanya makali kiasi cha kuunguza ngozi laini ya kiluwiluwi, na ndiyo maana bwawa jipya hujazwa na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kuwekewa kiumbe chochote. Lakini beseni hili limepita misimu kadhaa ya mvua, na kuta zake zimeota mwani. Nikaliondoa hilo.

Wa pili alinitia wasiwasi zaidi. Bwawa lilikuwa limefunikwa kwa kipande cha chandarua cha zamani ili majani yasiingie. Vyandarua vinavyogawiwa kwa ajili ya malaria vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo humdhuru binadamu kidogo sana lakini ni sumu kali kwa samaki na viumbe wengine wa majini. Watu wengi hawalijui hili. Wanaona wavu tu. Kwa mbu peke yao nisingeweza kuitoa dawa hiyo kwenye orodha, kwa sababu mbu wa siku hizi wengi wameizoea. Mende wa majini hawajaizoea kiasi hicho, nao walikuwa wakizamia na kuibuka kama kawaida. Kwa hiyo sidhani kwamba chandarua ndicho kilichoua. Kiliondolewa siku hiyohiyo hata hivyo, na nashauri kisiwekwe kamwe juu ya maji yenye uhai wala kutumiwa kuwachotea.

Kisha nikauliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo la kuuliza kwanza katika kisa chochote cha vifo vya majini: wanakufa saa ngapi? Mjukuu mkubwa alijibu kabla ya bibi yake. Siku ile walipobadilisha maji yote, walikufa mchana uleule, muda mfupi baada ya kujaza. Siku nyingine zote huwakuta asubuhi, na mchana hafi mtu.

Jibu hilo liligawa vifo mafungu mawili, na kila fungu lina sababu yake.

Fungu la siku ya kubadilisha maji ni jepesi. Baada ya maji kuanza kunuka, Mwalimu alimwaga beseni lote na kulijaza moja kwa moja kwa mpira wa bomba. Maji ya bomba yametiwa klorini, kama inavyopaswa kwa maji ya kunywa ya mji. Kiasi hicho hakimdhuru mnywaji, lakini kiluwiluwi anapumua kwa matamvua na kwa ngozi, na klorini huchoma vyote viwili. Dawa yake haigharimu kitu: maji yakae kwenye ndoo au karai pana lililo wazi, juani, kwa siku nzima au mbili, ndipo yaongezwe kidogokidogo, robo ya bwawa au pungufu kwa mara moja. Maji ya mvua kutoka kwenye bati ni bora zaidi, ilimradi mvua ya kwanza ya msimu iachwe ioshe bati kwanza. Mwalimu alikuwa na pipa la mvua limejaa pembeni, akilitunza kwa kufulia.

Fungu la asubuhi ndilo kiini cha kisa. Nilirudi saa kumi na moja alfajiri, jua halijatoka. Viluwiluwi hawakuwa wametawanyika kwenye kuta wakikwangua mwani kama nilivyowaona mchana. Walikuwa wamesongamana juu, vichwa vikigusa uso wa maji, wengi zaidi chini ya bomba lililokuwa likidondosha matone. Wafu walikuwa chini. Ilipofika saa tatu, jua likiwa limepanda, waliosalia walishuka tena na kuendelea kula.

Walikuwa wanakosa hewa. Mwani na mimea ya majini hutoa oksijeni mchana kwa nguvu ya jua, lakini usiku nayo huitumia kama kiumbe kingine chochote. Bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula hawalali. Viluwiluwi nao wanapumua usiku kucha. Akiba iliyokusanywa mchana hupungua saa baada ya saa, na hufika chini kabisa kabla tu ya mapambazuko. Joto huzidisha tatizo, maana maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kushika miligramu 9 hivi kwa lita, na yale ya nyuzi 30 kama 7.6 tu. Beseni hili linapigwa na jua la alasiri likiwa limeegemea ukuta unaohifadhi joto. Nilipima nyuzi 33 saa tisa mchana.

Hapa fumbo la mbu linafumbuka. Kiluwiluwi wa mbu hapumui hewa iliyo ndani ya maji. Ananing'inia chini ya uso wa maji na kuvuta hewa ya nje kwa kimirija. Mende wa majini hubeba povu la hewa anapozamia. Kiluwiluwi wa chura wa aina hii hana njia kama hizo. Aina nyingi za viluwiluwi hupata mapafu mapema na zinaweza kupanda juu kugugumia hewa mambo yakiwa mabaya, lakini wa jamii ya chura huyu mapafu yao huchelewa mpaka wanapokaribia kutoka majini. Kwa wiki zote za mwanzo wanategemea kile kilichoyeyuka ndani ya maji, na maji yakiishiwa hawana pa kukimbilia.

Na pampu je? Nilipouliza, Mwalimu alieleza kwa uwazi. Pampu huwashwa asubuhi na kuzimwa saa moja usiku, kwanza kwa ajili ya kubana matumizi ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, pili kwa sababu ilikuwa inawavuta wadogo na kuwasaga. Yaani kifaa pekee cha kuingiza hewa kilifanya kazi saa zile ambazo mwani ulikuwa unatosha, na kikapumzika saa zile ambazo kila kiumbe ndani ya beseni kilikuwa kinakihitaji. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Mtu yeyote angezima taa na pampu anapokwenda kulala.

Hesabu ya umeme ilimtuliza. Pampu yake ni ya wati 15. Ikifanya kazi saa 12 za usiku inakula uniti 0.18, kwa mwezi mzima ni uniti 5.4. Tukaigeuza ratiba: pampu inawaka usiku, inazimwa mchana. Mdomo wake tuliuvika sifongo nene, ile ya kuoshea vyombo, mpya isiyo na sabuni, tukaifunga kwa kamba. Sifongo hiyo hukamuliwa kila baada ya siku mbili ndani ya ndoo ya maji ya bwawa.

Hakuna kingine tulichobadilisha usiku huo wa kwanza. Nilisisitiza hilo kwa makusudi: ukibadilisha mambo matano kwa pamoja hutajua lipi lililosaidia. Asubuhi yake kulikuwa na wafu wachache mno kulinganisha na siku zilizotangulia, na waliokuwa hai walikuwa wametawanyika kwenye kuta saa ambayo jana yake walikuwa wakihema juu. Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Lakini pampu ilikuwa inaficha tatizo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni idadi. Nilichota kwa bakuli la lita moja sehemu mbalimbali za beseni, na kila chota lilitoka na viluwiluwi kati ya 8 na 20. Ni makadirio ya juujuu, maana hupenda kusongamana kandokando, lakini hata ukipunguza nusu bado ni maelfu katika lita 500. Kila mmoja anatoa amonia. Na kwa upendo, familia ilikuwa inawalisha: makombo ya mkate, ugali, wali. Kilichobaki kilizama, kikaoza, kikanyonya oksijeni na kuongeza amonia. Harufu iliyomfanya Mwalimu abadilishe maji ilitoka huko, na kubadilisha maji kukaleta klorini. Kila tendo la huruma lilizaa hitaji la tendo jingine.

Nilipendekeza wabaki 300 hivi. Hiki ni kipimo changu cha kazi kwa beseni lisilo na chujio: karibu lita mbili kwa kila kiluwiluwi.

"Na hawa wengine niwatupe?" Mwalimu aliuliza, na sauti yake haikuwa ya utani.

Swali lake lilistahili jibu la kweli. Chura anayetaga maelfu ya mayai hafanyi hivyo kwa sababu wote wataishi. Wengi huliwa na watoto wa kereng'ende, na ndege, na wenzao, au dimbwi hukauka kabla hawajamaliza. Kwenye beseni lenye maadui wachache, wale wote ambao kwingine wangepungua siku hadi siku walibaki wakibanana. Bahati nzuri, mwisho wa kiwanja chake kuna dimbwi la mvua linalokusanya maji ya eneo hilohilo, likiwemo lile linalofurika kutoka kwenye beseni. Nyuzi za mayai ya vyura walewale zilikuwepo huko pia. Kuwapeleka huko ni kuwarudisha kwao. Wajukuu walifanya kazi hiyo kwa ndoo, jioni jua likiwa limepoa, na dimbwi lile halitakosa wa kuwala.

Chakula tulikikata karibu chote. Kuta zilizoota mwani ni chakula tosha kwa idadi ndogo. Mara mojamoja jani la mchicha lililochemshwa mpaka likalainika, na kinachobaki kufikia kesho yake kinaopolewa. Sehemu ya beseni ikawekewa kivuli cha makuti upande wa magharibi, nusu tu, ili mwani usikose jua.

Sasa mzee jirani. Ningependa kusema wazi kwamba hoja yake ilikuwa na msingi, na kisa hiki kingeharibika kama tungemchukulia kama mtu wa kelele. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza, Aedes aegypti, huzaliana kwenye maji yaliyotulia karibu na makazi. Nilimwita tukachota pamoja. Viluwiluwi wa mbu wa beseni walining'inia kichwa chini kwa mshazari. Wale wa Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji, na hatukuwaona. Tulipoendelea kuzunguka tuliwakuta wengine wengi kwenye visahani vya chini ya vyungu vya maua na ndani ya tairi la bembea ya watoto, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipaangalia.

Pia nilikataa kumpa jibu rahisi ambalo wapenda vyura wengi hulitoa, kwamba viluwiluwi wa chura watawamaliza wa mbu. Wa aina hii ni wakwanguaji wa mwani, si wawindaji. Chura mkubwa naye hula sana mchwa, sisimizi na mende kuliko mbu. Ulinzi lazima utoke kwa mwenye bwawa. Kwa bahati, dawa ya upungufu wa oksijeni inasaidia hapa pia, kwani pampu inayotikisa maji usiku huwanyima mbu uso tulivu wa kutagia. Kona ya magimbi, ambako mtikisiko haufiki, inachotwa kwa chujio kila wiki, kwa sababu mbu huhitaji kama siku saba hadi kumi kutoka yai hadi kuruka katika joto la Morogoro. Ikishindikana zipo dawa za kibaiolojia za kuua viluwiluwi wa mbu, zinazotengenezwa hata hapa nchini, Kibaha, ambazo bakteria wake hushambulia utumbo wa mbu. Oili chafu huua kwa kuziba uso wa maji. Ingeua mbu, ikabaki kwenye plasta na magimbi, ikampaka kila chura mdogo anayetoka, kisha mvua ingeisukuma mpaka kwenye dimbwi la chini na bustani ya mzee mwenyewe. Hilo la bustani ndilo lililomfanya aache wazo lake.

Aliuliza na la nyoka. Nilimjibu kwamba ndiyo, wapo nyoka wanaokula vyura, na wengine wana sumu, hivyo nyasi zifyekwe na matofali yasirundikwe karibu na bwawa.

Kadiri wiki zilivyosonga hatari ikageuka. Miguu ya nyuma ilitokeza, kisha mikono. Katika jedwali la Gosner la 1960, linalogawa maisha ya kiluwiluwi hatua 46, kutokeza kwa mikono ni hatua ya 42, na baada ya hapo mnyama huyu haachi chochote kama kilivyokuwa. Anaacha kula, anaishi kwa kuumeza mkia wake ndani ya mwili, mdomo unapasuka upya kuwa wa mla wadudu, mapafu yanachukua kazi. Yuleyule aliyekuwa akifa kwa maji kukosa hewa sasa anazama kama hakuna mahali pa kupanda. Na beseni hili lina kuta wima za plasta laini! Tuliweka mawe makubwa kutoka chini hadi juu ya ukingo upande wa magimbi, na ubao mpana wenye mikwaruzo ulioegemezwa kwa mteremko. Nje ya ukingo tulitandaza majani makavu na kuyalowesha, kwa sababu chura mdogo asiyefikia hata sentimita moja hukauka upesi kwenye saruji ya moto. Kwa kuwa mwalimu hutembelewa na mtoto anayetambaa, fundi aliweka fremu ya wavu wa chuma wenye matundu makubwa sentimita chache chini ya ukingo. Kina cha sentimita 40 kinatosha kumpoteza mtoto, na hilo lilipaswa kufanywa hata kama kusingekuwa na chura hata mmoja.

Katikati ya haya yote ndugu wa Mwalimu alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Alikuwa ameona picha, akaomba ndoo moja ya viluwiluwi kwa bustani yake. Nilimsihi Mwalimu akatae. Kuvu anayeua vyura, aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis, husafiri ndani ya maji, na mwaka 2003, alipogunduliwa kwenye korongo la Kihansi hapa Tanzania, chura mdogo wa pale ambaye hakuwa akipatikana kwingine duniani alitoweka porini kwa kasi; makazi yake yalikuwa yamekwisha dhoofishwa na kugeuzwa kwa maji ya maporomoko kwa ajili ya umeme. Na chura huyuhuyu wa Bigwa ana historia ya kusafirishwa. Alipelekwa Mauritius mwaka 1922, na karibu mwaka 2000 alionekana kwenye mtaa wa Constantia, Cape Town, ambako inaaminika alifika kama mayai au viluwiluwi ndani ya shehena ya mimea ya majini. Jiji limetumia miaka mingi kumtafuta bwawa kwa bwawa, usiku, kwa tochi. Ndoo moja inatosha kuanzisha hayo. Dar es Salaam ina vyura wake, na mvua zikinyesha watakuja wenyewe.

Vifo havikwisha kabisa. Wachache walidumaa, wengine walitoka na mikono iliyopinda, na kunguru alipata zamu yake. Lakini wengi wa waliobaki walipanda ubao baada ya mvua kubwa ya mwisho wa Aprili, wakatawanyika chini ya migomba.

Kwa masika ijayo tumekubaliana na Mwalimu kuanza mapema zaidi. Asubuhi ile nyuzi zinapoonekana, kabla hata ya kuanguliwa, kipande kifupi kinaachwa kwenye magimbi na nyuzi zilizobaki zinabebwa kwenye beseni la kuoshea mpaka dimbwi la chini. Ni kazi ya nusu saa ambayo wajukuu wanaiweza wenyewe, ilimradi wanawe mikono, maana mayai ya chura huyu yana sumu kama ngozi yake. Jioni hiyohiyo pampu inawekwa sifongo na kuhamishiwa zamu ya usiku.